Tunda la Yago Tulilozika Kiwanjani

Somo langu la kwanza la kuandika mchezo wa kuigiza lilikuwa la upepo. Mwalimu Zablon alinisimamisha kwenye uwanja wa wazi kando ya ziwa, saa nane za mchana, mgongo wangu ukiwa kwenye maji. Akahesabu hatua sitini kuelekea nchi kavu, akageuka, akanipungia mkono nisome ukurasa mmoja kwa sauti yangu ya kawaida. Nikasoma. Akanijibu kwa dole gumba kwamba amesikia. Kisha tukabadilishana, yeye akaenda karibu na maji, mimi nikaja huku bara, nikasoma ukurasa uleule hadi koo likaniuma.

"Nimeona mdomo ikicheza tu," akasema aliporudi. "Sasa umejua watazamaji utawaketisha wapi."

Basi shikeni hilo kwanza, wanangu. Kwetu asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana unageuka unatoka ziwani kuja bara. Mchezo wa mchana, waigizaji wape mgongo maji, na watazamaji watazame ziwa. Mkikosea hapo, hata muandike maneno ya dhahabu yataliwa na samaki. Najua siku hizi mna vipaza sauti. Siku umeme ukipotea mtanikumbuka.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi yangu, na mimi mtu akiniomba kuzungumza huwa sikatai. Jina langu ni Risper. Miaka ya themanini na tisini niliandika michezo ya historia ya watu wa ufuo huu, michezo ya kuchezwa nje, kwenye viwanja vya shule, sokoni, na mara nyingine palepale penye mchanga mitumbwi inapoegeshwa. Sasa magoti yamenistaafisha. Kichwa bado.

Sikuanza kama mwandishi. Nilikuwa napiga taipu katika ofisi moja ndogo mjini Kisumu, chumba kimoja chenye mashine ya kurudufu iliyokuwa inatuchafua wino hadi kwenye viwiko. Mwalimu Zablon alikuwa amestaafu kufundisha historia, na badala ya kukaa nyumbani akaanza kuandika michezo kwa mkono na kutuletea tupige. Mchezo wake wa kwanza ulionipita mikononi ulimalizika kwa chifu anayehutubia kurasa mbili nzima. Nilipofika ukurasa wa mwisho vidole vilikuwa vinauma, na chifu bado anaendelea. Nikamkata. Nikampa mistari minne, akasema neno lake, akaondoka.

Mwalimu alipokuja kuchukua kazi yake alisoma akiwa amesimama pale mlangoni. Nilimwona anafika mwisho, anarudi nyuma, anatafuta ukurasa uliopotea.

"Nani amekata chifu yangu?"

"Ni mimi, Mwalimu. Alikuwa anaongea sana."

Nilijua kazi imeisha. Angeweza kwenda kwa mwenye ofisi na mimi ningerudi kwetu Alego na sanduku langu siku hiyohiyo. Badala yake akaketi, akavua miwani, akacheka hadi akapangusa macho. Juma lililofuata alileta mchezo mwingine wenye sehemu moja tupu katikati, akaniambia, "Hapa ujaze wewe, nyathina." Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. Nimelipwa vitu vingi katika maisha yangu, lakini zile kurasa tupu ndizo ninazomshukuru Mungu kwazo.

Alinifundisha mengi, na karibu yote ni mambo ya mikono na miguu. Mtu wa uwanjani hawezi kuingia jukwaani kwa kufungua pazia. Anaonekana akitoka mbali, kwa hiyo lazima umpe jambo la kufanya akija, au watu watamtazama anatembea tu kama anaenda dukani. Neno muhimu liseme mara tatu kwa njia tatu, kwa sababu mara ya kwanza kuna mtoto atalia na mara ya pili kuna ng'ombe atapita. Ng'ombe akipita, waigizaji wamsalimie, wasijifanye hawajamwona. Na vitu viwe vya kweli. Ukumbini unaweza kupaka rangi katoni ukaiita ngao. Nje, kwenye jua la saa tisa, katoni inaonekana katoni, na mama wa safu ya mbele atakwambia hivyo kwa sauti. Somo hilo la vitu vya kweli ndilo lililokuja kuniponza, na nitawafikisha huko.

Waigizaji wangu wawili wa kudumu walikuwa Odhis na Hadija. Odhis alikuwa kibarua wa kubeba mizigo bandarini, akikaa Nyalenda na bibi yake. Sauti yake ilikuwa inafika ng'ambo. Hadija alikuwa fundi wa cherehani wa Kaloleni, Mwislamu, mzaliwa wa mji, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi wengine tulionekana tunaokota maneno njiani. Mnajua sisi Wajaluo na ile "sh". Odhis alikuwa akicheza afisa wa kizungu anayewaamuru askari, na nilikuwa nimemwandikia, "Shikeni bunduki! Washambulieni!" Mazoezini ikatoka, "Sikeni bunduki! Wasambulieni!"

Hadija alikaa chini kwenye nyasi akajifunika uso na leso.

"Wewe unaseka nini?" Odhis akamuuliza.

"Siseki," Hadija akajibu. "Nasangaa tu."

Walipomaliza kufukuzana nilienda nyumbani Manyatta nikaandika upya sehemu yote ya afisa. "Shika" ikawa "kamata". "Washambulieni" ikawa "wapigeni". Tangu hapo nikajifunza kumwandikia mtu mdomo alio nao. Kabla hujaandika mstari, jua ni nani atausema, ana meno mangapi, ametoka kubeba magunia mangapi siku hiyo.

Miaka ya tisini, gugu-maji lilipofunika ghuba yetu, tulikuwa na mchezo wa wageni wa kwanza kufika ufuoni. Wazungu wetu watatu walikuwa waje kwa mtumbwi kutoka nyuma ya rasi, wateremke mbele ya umati. Asubuhi maji yalikuwa safi. Mchana upepo ukasukuma gugu lote likaja kwetu, na mtumbwi ukakwama katikati ya yale majani, mbali kiasi cha kuonekana na si kiasi cha kusikika. Tuliwaona wanapiga kafi. Tuliwaona wanagombana. Hadija alikuwa amesimama mchangani kama mke wa mzee wa kijiji, na mstari wake wa mwisho ulikuwa, "Tazameni, wamefika." Alitazama ziwani, akawageukia watu, akasema, "Hawa wageni wanaogopa. Acheni niwaambie nimewaandalia nini." Akaeleza chakula chote, kimoja kimoja, na jinsi ya kukipika, karibu robo saa, hadi wazungu wakaja kwa miguu wamelowa hadi kifuani. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyoandikwa. Mkimpata mwigizaji wa aina hiyo, mtunzeni.

Sasa niwaambie kosa. Yalikuwa mawili, na la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Katika mchezo wangu wa kwanza niliouandika peke yangu, miaka ya themanini, shujaa alikufa, na nikaandika, "Wanawake wanapiga nduru." Nduru ni ule ukemi wa msiba. Kwetu mtu akisikia nduru haulizi, anaacha jembe anakimbia kuelekea inakotoka. Nilikulia hapo, nilijua hilo kama ninavyojua jina langu, na bado sikuliona nikiwa nimekaa mbele ya taipureta. Wanawake wangu sita wakapiga nduru uwanjani, upepo ukaibeba vizuri kama Mwalimu alivyonifundisha, na kabla sehemu haijaisha watu wakaanza kumiminika kutoka maboma ya karibu, wanaume na mapanga, kina mama wamefunga leso viunoni, mmoja na mchi mkononi. Walipoona maiti anainuka kujikung'uta nyasi, walitutukana matusi ambayo sijayasikia tena. Mzee mmoja aliniuliza kama kwetu ninamwitia nani kifo. Niliomba msamaha kwa kila mmoja. Tulipofika mjini Mwalimu Zablon akasema, "Basi nduru tusiandike tena."

Hivyo nilipokaa kuandika mchezo wa kariakoo, nilikuwa na msiba usio na sauti. Kariakoo ndio wale wapagazi waliochukuliwa na serikali ya kikoloni katika vita vya kwanza vya dunia, wakabebeshwa mizigo ya jeshi hadi Tanganyika. Wengi wa ufuo huu hawakurudi. Aliyenifungulia habari hiyo ni bibi yake Odhis, Dani Dorina. Dani ni bibi, yaani nyanya, kwa Kijaluo, na sote tulimwita hivyo. Nilikuwa nikienda kwao Nyalenda kumfuata Odhis kwa mazoezi, na siku moja alinikalisha kwenye kigoda nimsubiri, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia.

"Baba yangu alienda na hiyo kariakoo," akasema. "Nilikuwa kwa tumbo. Hakuna mtu aliniambia uso yake ilikaa aje."

Jina la baba yake lilikuwa Owiti wuod Ajwang', yaani Owiti mwana wa Ajwang'. Mkewe alikataa kuamini kwamba amekufa. Kwa desturi yetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ukoo unachukua tunda la mti wa yago, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake, wanalizika nyumbani kwake mahali pake, na msiba unaliliwa na kwisha. Mama yake Dani kila mwaka aliwaambia wasizike, anakuja. Akangoja hadi akafa yeye. Baada yake wazee wengine wakafa, na waliobaki hawakuona haraka tena.

"Mimi sasa nimezeeka kuliko huyo baba," Dani akasema. "Na bado hajaliliwa. Nikienda huko ataniuliza nilikuwa nafanya nini."

Hakulia aliposema hayo. Mimi nililia baadaye, nikiwa njiani kurudi Manyatta, kwa sababu nami nilimzika baba nikiwa msichana na najua nilivyopumua baada ya mazishi.

Nikaandika mchezo kwa majuma matatu. Odhis alicheza Owiti sehemu ya kwanza, na kwa kuwa Owiti haonekani tena baada ya kuchukuliwa, na sisi hatukuwa na watu wa kutosha, alicheza pia afisa wa kizungu wa sehemu za baadaye. Hadija alikuwa mke. Mwisho wa mchezo, mahali ambapo ningeweka nduru, niliweka yago. Ukoo unachimba, unazika tunda, unataja jina. Jina nililoacha ni lilelile la kweli. Nilijaribu mengine, na kila jingine lilikaa mdomoni mwa Hadija kama kiatu cha kuazima. Nilimuuliza Dani, akasema nilitaje, tena kwa sauti.

Mwalimu Zablon alikuwa amezeeka sana wakati huo. Alisoma kurasa zangu kitandani kwake, akarudia ile ya mwisho.

"Umeuliza?" akasema.

"Nimeuliza, Mwalimu."

Hakuniuliza nimemuuliza nani. Ningesimama hapo hata dakika moja nikafikiri, ningejua anachosema. Dani ni binti aliyeolewa kwingine. Anayesemea kaburi la Owiti ni boma la Owiti, na huko sikuwa nimekanyaga.

Miaka ile mchezo haukuchezwa bila kibali. Afisa aliyesoma maandishi yetu alikaa nayo sana, akaniita, akaniuliza huyu Owiti ni nani hasa, na kama kuna mkubwa yeyote wa leo ninayemsema kwa fumbo. Nikamwambia ni mpagazi. Akauliza mzigo aliobeba una maana gani. Nikamwambia ni mchele na risasi. Akagonga muhuri. Yago hakuliuliza hata kidogo, na mimi nikatoka ofisini nimeridhika kwamba nimevuka hatari yote.

Tulicheza siku ya Jumamosi, mchana, kwenye kiwanja cha mpira cha shule moja ya msingi upande wa Asembo, palipo karibu na kwao Owiti. Nilitaka wacheze hapo makusudi. Dani tulimleta, tukampa kiti mbele. Odhis alikuwa ameleta yago la kweli, kama urefu wa mkono, kwa sababu vitu viwe vya kweli. Mwalimu mkuu alituruhusu kuchimba shimo dogo kwenye kona ya kiwanja, akidhani tutafukia na kusawazisha.

Mchezo ulienda vizuri kuliko mchezo wowote niliowahi kuandika. Owiti alipofungwa kamba na kupelekwa, kina mama walishika vichwa. Hadija alipolishika lile tunda mikononi, likamlemea, akaliweka shimoni na kusema, "Owiti wuod Ajwang', lala kwenu," wazee walivua kofia. Kisha mama mmoja akainuka, akaenda shimoni, akatupa udongo. Akafuata mwingine. Wakajipanga, wanaume kwa wanawake, kila mtu na konzi yake ya udongo, na shimo likajaa bila sisi kugusa jembe. Nilikuwa nyuma ya watu nimefumbata mikono kifuani. Niwaambie ukweli, nilikuwa nafikiri jinsi ninavyojua kuandika.

Ndipo mzee mmoja akaingia katikati ya kiwanja, mrefu, fimbo mkononi.

"Nani amewapa ruhusa kuzika mtu yetu hapa?"

Alikuwa Mzee Ogola, mwana wa mdogo wake Owiti, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma lile. Odhis, bado amevaa kofia ya afisa wa kizungu, akamwambia kwa heshima kwamba ni mchezo, mzee, ni tunda tu. Mzee akamtazama kofia.

"Na wewe mama," akanigeukia, "wewe ni nyar wapi?"

"Mimi ni nyar Alego, mzee." Binti wa Alego.

"Na huko Alego mnazika watu kwa kiwanja ya mpira?"

Mwalimu mkuu akaja mbio akitaka tulifukue mara moja, watoto watacheza wapi Jumatatu. Odhis akachukua jembe. Mzee akamwambia akigusa hapo atakuwa amefukua maiti, na akataja yatakayompata. Odhis akaweka jembe chini taratibu sana. Hakuna aliyekuwa tayari kulitoa, na hakuna aliyekuwa tayari kuliacha. Mwalimu mkuu alizunguka lile shimo kama mtu aliyeangusha funguo.

Mwishowe Mzee Ogola akapata njia ya kutoka. Akainua fimbo watu wamsikilize. "Basi huu ulikuwa mchezo," akasema. "Haihesabiki. Hakuna mtu amezikwa. Hiyo ni matunda, itaoza, tumemaliza."

Hapo niliona kosa langu lilivyokuwa kubwa. Kiwanja kingepona. Lakini mzee wa ukoo alikuwa anasema mbele ya lokesheni nzima, eneo lote la chifu, kwamba kumzika Owiti ni kitu kisichohesabika, na akishasema hivyo, nani angethubutu kumzika tena? Dani angerudi Nyalenda akiwa na hali mbaya kuliko alivyokuja. Nilikuwa nimechukua kitu kimoja alichokuwa anakingoja miaka yote, nikakifanya kichekesho. Nilitamani Mwalimu Zablon awe pale, na nilishukuru kwamba hayupo.

Dani akainuka kwenye kiti chake. Alienda hadi mbele ya Mzee Ogola, akamfika kwenye kifua.

"Ogola. Ulitupa udongo."

"Mimi?"

"Wewe. Nilikuona. Ulitupa na mkono ya kulia, ukafuta mkono kwa koti. Hata sasa iko hapo."

Sote tukatazama koti. Udongo ulikuwepo, mwekundu, penye mfuko. Mzee akautazama pia. Alikuwa ameingia kwenye mstari pamoja na watu wengine, akiwa amesahau yuko wapi, na alipokumbuka ndipo hasira ikamjia.

"Mtu hatupi udongo kwa mchezo," Dani akasema.

Mzee Ogola akaikaza fimbo yake mkononi. Nilidhani atampiga na fimbo, au atanipiga mimi. Kisha akavua koti, akalikunja, akampa Odhis alishike. Akapiga magoti kwenye kona ya kile kiwanja, mtu wa umri ule, akaanza kufukua kwa mikono yake akiongea na lile shimo kwa Kijaluo, akimwomba baba yake mkubwa msamaha kwa kumwamsha, akimweleza kwamba hapa si kwake, ni kwa watoto wa shule, sasa anampeleka nyumbani. Alipolitoa yago alilifunga kwa shuka ambayo mama mmoja alivua begani.

Juma lililofuata tulienda bomani kwa mazishi. Mzee aliagiza waigizaji wote waje, kwa sababu sisi ndio tuliokuja na Owiti. Asubuhi ile akaniita pembeni, nikajua sasa ndipo nitaadhibiwa.

"Kuna historia ya marehemu ya kusomwa," akasema. "Hapa hakuna mtu alimjua. Wewe ndio unajua kuandika. Andika."

"Mzee, vitu vingi kwa ule mchezo niliviunda mwenyewe. Ya kweli ninayo kidogo sana."

"Basi andika hiyo ya kweli peke yake."

Nawaambieni, wanangu, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopewa. Nilikuwa nimempa Owiti hotuba za ujasiri, nimempa ndoto, nimempa maneno ya mwisho. Nikavifuta vyote. Nikazunguka bomani na kalamu nikiuliza mmoja mmoja, na kila nilichopata kilikuwa kimesikika kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Ikatoka nusu ukurasa. Kwamba alikuwa kifungua mimba wa Ajwang'. Kwamba alikuwa fundi wa kusuka migono ya kuvulia samaki, na watu walitoka mbali kumwagiza. Kwamba akipiga chafya mbwa walikuwa wanaamka. Kwamba alikuwa mrefu, na askari walikuwa wanachagua warefu. Kwamba alioa mke mmoja, naye akamngoja.

Tangu siku ile sijaandika jina la mtu wa kweli bila kwenda bomani kwake kwanza, na nimekunywa uji katika maboma mengi sana kwa ajili hiyo. Mzee Ogola namshukuru hadi leo. Alikuwa na haki ya kunifukuza, akanipa kazi.

Nilisoma ile nusu ukurasa mchana, mbele ya kaburi, na sauti yangu ilitetemeka kuliko sauti ya mwigizaji yeyote niliyewahi kumkaripia. Kwenye chafya watu walicheka, na nikafurahi walivyocheka. Katekista akaomba. Kisha Mzee Ogola akasimama kuendesha mambo, akafanya kama inavyofanywa kwenye kila msiba wa kwetu.

"Watoto wa marehemu wasimame," akasema, "watu wawaone."

Kwa kawaida hapo husimama safu nzima, wakubwa kwa wadogo, wengine na watoto mgongoni. Siku ile hakuna aliyeinuka mara moja. Watu walianza kutazamana. Kisha Odhis akainama amsaidie bibi yake, naye akamsukuma mkono, akashika kiti mwenyewe, akajiinua polepole hadi akasimama wima. Alikuwa amepita miaka sabini, na pale hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumsikia akiitwa mtoto wa fulani.

"Ni mimi," Dani akasema. "Mtoto wake ni mimi."

Akabaki amesimama vilevile, na hakuna aliyemwambia aketi.